Kulegea Nako Ni Kazi

Babu alifariki alfajiri moja ya mwezi wa saba, wakati ambao kwetu, huku juu ya Isyonje kwenye milima ya Uporoto, umande wa asubuhi unachoma miguu kama upupu. Alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja hadi karibu na tumbo, kama mtu anayejitafutia joto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisimama mlangoni na kibatari mkononi, nikisubiri bibi apige yowe ili na mimi nilie.

Hakupiga. Alimfumba macho, akayashikilia kwa vidole kwa muda. Akachana upindo wa kanga, akaupitisha chini ya kidevu na kuufunga utosini. Kisha akamgeuza chali, akaanza kumnyoosha miguu. Baba mdogo alipoingia na kuuliza nani aende kuwaamsha majirani, bibi akamkatisha: "Njoo unisaidie mikono kwanza. Akishakaza hatutaweza."

Walipomaliza, ndipo alipolia.

Lile neno "akishakaza" lilinisumbua kuliko kifo chenyewe. Kwa akili yangu ya utoto, uhai ndio unaomkaza mtu. Aliye hai anashika jembe, anakunja ngumi, anasimama wima. Akifa, nilidhani, angelegea moja kwa moja, kama gunia lililomwagwa viazi. Sasa maiti inakaza kwa nguvu ya nani?

Leo nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya, na kila mwaka tunafika kwenye mada ya misuli. Nafundisha kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, na wanafunzi wanakariri majina magumu na kuyarudisha kwenye mtihani. Likizo iliyopita nilikuwa jikoni na bibi, tunamenya viazi, akaniuliza: "Hao watoto unawafundisha nini hasa?" Nikamwambia: jinsi nyama ya mtu inavyokaza na kulegea. Akacheka. "Hilo nalo lina shule?" Basi nikamweleza, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, na nilipofika katikati nikagundua kwamba nilikuwa najibu swali langu la miaka ile.

Nilianza na nyama iliyokuwa kwenye sufuria. Nyama ya paja la ng'ombe ikichemka vizuri, ukiichana inatoka nyuzinyuzi. Kila uzi unaouona kwa macho ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi, na kila moja ya hizo nyembamba ni seli moja ndefu ya msuli. Ndani ya seli hiyo kuna nyuzi nyingine nyembamba mno, na hizo zimegawanyika katika vyumba vilivyopangwa kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Chumba kimoja kinaitwa sarkomia. Ni kidogo kiasi kwamba katika urefu wa milimita moja vinaingia 400 hivi. Vigimbi vyote vya wabeba mizigo wa Uporoto vimejengwa kwa vyumba hivyo.

Ndani ya kila chumba kuna nyuzi za aina mbili za protini: nene, ziitwazo miosini, na nyembamba, ziitwazo aktini. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani nyuzi hizo zenyewe ndizo zinazojikunja na kufupika. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, zilitoka makala mbili zilizosema vingine. Moja iliandikwa na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine na Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu, wanafunzi wangu huuliza kila mwaka.) Walionyesha kwamba nyuzi hazifupiki. Zinateleza, moja inaingia katikati ya nyingine. Nilimwomba bibi aweke vidole vya mkono wa kulia katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, kisha avisukume viingie zaidi. Vidole vilibaki na urefu uleule, lakini viganja vilikaribiana. Msuli hukaza hivyohivyo.

Kinachoziteleza ni vichwa vidogo vilivyojaa kwenye uzi wa miosini. Kichwa kinajishika kwenye aktini, kinapinda, kinaivuta, kinaachia, kinajinyoosha, kinakwenda kushika mbele kidogo. Ni kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani: mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unaachia na kusogea mbele. Mvuto mmoja wa kichwa hauzidi nanomita 10 hivi, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Lakini vichwa ni vingi mno, vyumba ni vingi mno, na vyote vinavuta kwa zamu, vingine vimeshika wakati vingine vimeachia, kwa hiyo mzigo haurudi chini.

Hapa ndipo nilipomwomba bibi aache kumenya anisikilize. Nguvu ya kazi yote hii inatoka kwenye kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili unaitengeneza kutokana na chakula. Ukimuuliza mtu yeyote ATP inatumika wapi, atakwambia ni kwenye kuvuta. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi nilipofika chuo. Kumbe kichwa kikishavuta kinabaki kimeng'ang'ania aktini, na hakiwezi kutoka hapo mpaka ATP mpya ije ikikalie. ATP ikifika, kichwa kinaachia. Baada ya kuachia ndipo ATP inavunjwa, na nguvu yake inakitega upya kichwa kama unavyotega mtego wa panya. Mvuto unaofuata ni mtego kufyatuka. Mwili, kwa hiyo, hulipia kuachia kwanza, na kutega baada yake.

Bibi alikaa kimya, kisu mkononi. Kisha akasema: "Kwa hiyo mzee alikuwa ameishiwa nguvu ya kuachia."

Nimefundisha mada hii miaka minane na sijawahi kuisema vizuri hivyo.

Mtu anapokata roho, misuli kwanza hulegea kweli. Lakini seli haziletewi tena hewa wala chakula, ATP iliyobaki inapungua, kalsiamu, ambayo ndiyo huvifungulia vichwa njia ya kushika, inavuja ndani ya seli, vichwa vinashika na hakuna cha kuviachisha. Ndani ya saa chache kukaza kunaonekana, kwanza kwenye misuli midogo: kope, taya, shingo. Kisha kunashuka mikononi na miguuni. Bibi, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alianza na macho na kidevu. Baridi huchelewesha jambo hili na joto huliharakisha. Kule Kyela, kando ya ziwa, angekuwa na muda mfupi zaidi. Baada ya siku mbili au zaidi maiti hulegea tena, ila sasa ni kwa sababu protini zenyewe zimeanza kuvunjika. Kwa sababu hiyohiyo nyama ya ng'ombe aliyekaa machinjioni siku kadhaa huwa laini kuliko ya ng'ombe aliyechinjwa saa chache tu zilizopita.

Kwenye msiba ule walichinja ng'ombe, na sisi watoto tulisogea kuangalia nyama inavyocheza. Mnofu ulikuwa umeshawekwa juu ya majani ya migomba, lakini ulitetemeka wenyewe, na kijana mmoja aliponyunyizia chumvi ukazidi kuruka. Tuliambiwa ng'ombe hajakubali kufa. Ukweli ni kwamba seli za mnofu ule zilikuwa bado zina akiba ya ATP, na chumvi ilivuruga umeme kwenye ngozi ya seli, ikazipa amri ambayo kwa kawaida hutoka kwenye mishipa ya fahamu.

Amri yenyewe husafiri hivi. Kutoka ubongoni au kwenye uti wa mgongo, umeme unapita kwenye mshipa wa fahamu hadi unapokutana na msuli. Hapo pana mwanya mdogo, na umeme hauruki mwanya huo. Mshipa unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, inavuka, inagonga mlango wa msuli. Msuli nao unawaka umeme wake, ambao unazama hadi ndani ya seli na kufungua vifuko vilivyojaa kalsiamu. Kwenye uzi wa aktini kuna protini nyingine zilizofunika mahali pa kushikia. Kalsiamu inajishika kwenye mojawapo, troponini, na kifuniko kinasogea. Ni Mjapani Setsuro Ebashi, katika miaka ya 1960, aliyefichua sehemu kubwa ya habari hii ya kalsiamu na troponini. Kifuniko kikisogea, vichwa vinashika, na mkono unanyanyua kikombe cha chai.

Ili mkono ulegee, kalsiamu yote hiyo lazima irudishwe kwenye vifuko, na inarudishwa kwa pampu zinazokula ATP: moja kwa kila chembe mbili za kalsiamu. Kwa hiyo kuna gharama ya vichwa kuachia, na kuna gharama ya kufagia kalsiamu. Sisi tunamtukana mtu kwa kumwita mlegevu, kana kwamba kulegea ni kukosa nguvu. Kulegea nako ni kazi, na siku mwili ukishindwa kuifanya utaijua thamani yake.

Nilimwona baba mdogo siku ambayo mwili wake ulishindwa.

Ilikuwa likizo yangu ya kidato cha nne. Viazi vilikuwa vimeingiwa na vidukari, na yeye alinunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala maelezo. Bomba la kupulizia lilikuwa linavuja mgongoni. Alipuliza tangu asubuhi hadi saa nane mchana, shati limelowa, hakuvaa glavu wala hakufunika uso. Jioni alirudi anatokwa na jasho kama mvua, mate yanamchuruzika, machozi yanatoka, anakohoa makohozi mengi. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Nilichokiogopa zaidi ni nyama za mikono na za kope: zilikuwa zinacheza chini ya ngozi, zenyewe, kama ule mnofu wa msibani. Wazee wawili walisema amerogwa na kwamba asubiri hadi asubuhi. Kaka yangu hakusubiri. Alimpakia kwenye pikipiki, mmoja mbele na mwingine nyuma yake kumshikilia, wakateremka naye kwenye kituo cha afya.

Asetilikolini ikishagonga mlango wa msuli, haitakiwi kubaki pale. Kuna kimeng'enya kinachoivunja papo hapo, ili kila amri iwe na mwisho wake. Baadhi ya dawa za kuua wadudu, hasa zile za jamii ya oganofosfati, zinaua mdudu kwa kukifunga kimeng'enya hicho. Binadamu naye anacho kimeng'enya kilekile. Kikifungwa, asetilikolini inarundikana na kugonga mlango bila kukoma. Misuli inatetemeka, inachoka, na mwisho inapooza, pamoja na ile ya kifua na msuli wa kiwambo unaovuta pumzi. Mtu anaweza kufa kwa kukosa hewa huku mapafu yake yakiwa yamejaa makohozi.

Mganga wa kituo aliyempokea alinusa shati, akauliza swali moja tu: "Amepuliza nini leo?" Wakamvua nguo zote, wakamwosha kwa maji mengi na sabuni, wakamchoma atropini, na baada ya dakika chache tena, na tena, hadi kifua kikakauka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba atropini haiugusi ule mlango wa msuli. Inafanya kazi kwenye tezi za mate, kwenye mapafu na kwenye moyo. Kutetemeka kwa misuli kuliendelea usiku kucha, na sisi tulikaa tukihesabu pumzi zake. Alipona. Bado analima viazi. Shati la kupulizia sasa analifua peke yake, na chupa isiyo na lebo haiingii kwenye boma letu. Kama una ndugu anayepuliza dawa, mwambie haya leo: dalili zikitokea avuliwe nguo, aoshwe, asitapishwe, apelekwe haraka, na chupa ya dawa iende naye.

Nirudi kwenye miguu, maana kwetu kila kitu ni mlima.

Mwaka juzi tulipanda Rungwe na wanafunzi wa kidato cha tatu. Kilele kina karibu mita 2,960, na tulipopita usawa wa mita 2,600 hewa ilikuwa imepungua kwa robo hivi ukilinganisha na pwani. Yupo mwanafunzi aliyekuwa amehamia kutoka Kyela wiki mbili tu kabla, chini kule ambako ni kama mita 500 juu ya bahari. Alihema hadi midomo ikabadilika rangi, na wenzake wakaanza kumcheka. Niliwakalisha wote chini. Msuli una akiba ya ATP ya sekunde chache tu. Kuna akiba nyingine, fosfati ya kreatini, inayofikisha sekunde kumi hivi za nguvu nyingi. Baada ya hapo ni lazima glukosi ichomwe, na kwa safari ya saa nne ni lazima glukosi na mafuta ya mwili vichomwe kwa oksijeni. Mtu mzima kwa siku moja anatengeneza na kutumia ATP yenye uzito unaokaribia uzito wake mwenyewe, ingawa kwa dakika yoyote ile hata nusu kilo yake hana. Yote inavunjwa na kuundwa upya, bila kupumzika. Moyo ambao ukiwa umekaa unasukuma lita 5 za damu kwa dakika, ukipanda mlima unafika lita 20, na damu hiyo inahamishiwa miguuni ikinyang'anywa tumbo. (Ndiyo maana aliyejaza makande asubuhi alitapika kabla ya saa tatu.)

Mwenzao wa Kyela hakuwa dhaifu. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni inayoiamuru mifupa itengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, lakini kazi hiyo inachukua wiki kadhaa. Wao waliifanya zamani. Yeye alikuwa na siku kumi na nne. Tulimbadilishia mkoba, tukapunguza mwendo, tukafika naye.

Kushuka kulikuwa na mambo yake. Hakuna aliyehema, walikuwa wanaimba. Siku mbili baadaye nusu ya darasa haikuweza kushuka ngazi za bwenini bila kushika ukuta.

Kaka yangu alinifundisha hili kabla ya kitabu chochote. Alianza kushusha viazi kutoka shambani hadi barabarani akiwa na miaka kumi na saba, viroba vya kilo 50 hivi mgongoni, kwenye mteremko wa utelezi. Huko chini viroba vilijazwa kwenye magunia ya lumbesa, yale yenye kilemba kilichoshonwa juu, yanayozidi kilo 100 ambazo sheria inaruhusu, na mnunuzi akalipa bei ya gunia moja. Mkulima aliumia mfukoni na mbebaji akaumia mapajani. Kaka alisema kupanda mtupu kunakata pumzi, ila kinachomlaza kitandani ni kushuka.

Alikuwa sahihi. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unakaza huku unavutwa kurefuka, kwa sababu unazuia mwili usianguke. Unabeba nguvu kubwa zaidi kwa ATP kidogo zaidi, ndiyo maana pumzi inatulia. Lakini vichwa vinang'olewa vikiwa vimeshika, na vyumba vingine vinavutwa hadi kuta zake zinavurugika. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake au keshokutwa, mwili unapoleta maji na seli za ukarabati kwenye sehemu zilizochanika. Watu wengi bado wanasema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Hiyo inaondoka ndani ya saa moja au mbili. Na msuli ukishakarabatiwa unakumbuka: msimu wa pili kaka alishusha viroba vilevile, mteremko uleule, asilalamike.

Sasa ana miaka zaidi ya arobaini. Mwezi uliopita alileta viazi sokoni Uyole, akalala kwangu. Saa nane usiku nilisikia mlio chumbani kwake nikakimbia. Alikuwa ameshika kigimbi cha kushoto kwa mikono miwili, meno ameyauma. Kigimbi kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, na vidole vya mguu vimepinda chini.

"Usikiminye, kaka," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nilikaa kitandani, nikaweka kisigino chake kwenye paja langu, nikamshika vidole na kuvivuta kuelekea kwenye goti, polepole, bila kuachia. Kwenye kano, pale msuli unapoungana na mfupa, kuna vipokezi vinavyopima mvuto. Ukizidi, vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapunguza amri inayoukaza msuli. Hizo zilikuwa fikra zangu huku nikimsikia anahema. Mkono wangu mwingine ulikuwa juu ya kigimbi. Mara ya kwanza hakuna kilichobadilika. Kisha kitu kikatetemeka ndani, kidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka, na ule ugumu ukaanza kuyeyuka kutoka pembeni kwenda katikati, hadi kiganja changu kikazama kwenye nyama laini, ya moto.

"Ndaga, mdogo wangu," akasema, na kabla sijaushusha mguu wake alikuwa ameshalala.